Mikono Themanini ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu amesema niandike kila siku, hata siku ambayo sina la kusema. Mwalimu ndiye anayeongoza kikundi chetu cha watu walioacha pombe. Alifundisha hesabu miaka thelathini, na kumi kati ya hiyo, anasema mwenyewe, alikuwa amelewa. Nilimwambia mimi ni fundi wa nguo, kalamu siijui, ninachokijua ni chaki. Akanijibu, "Basi andika kwa chaki, bibi, lakini andika." Haya. Naandika.

Jana nilitoka kituo cha tiba baada ya wiki tisa. Leo asubuhi nimeshuka kutoka chumbani kwangu juu, nikakuta mlango wa karakana una kufuli jipya. Karakana niliyoianza peke yangu na cherehani moja ya kukanyaga! Leo ina cherehani sita na mashine ya kukatia, na mimi nimesimama nje kama mteja aliyewahi kufika. Binti yangu akaja saa mbili kasoro, tumbo mbele, mimba ya mwezi wa nane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ufunguo wangu uko wapi?"

"Ufunguo ninao mimi."

Kisha akanipa masharti hapo hapo barazani, bila hata kuniambia karibu. Sitakata kitambaa wala kupanga kazi ya mtu, nitaweka vifungo tu. Ufunguo sitashika. Na mtoto akizaliwa, sitamshika mpaka nimalize miezi mitatu kuanzia leo bila kuonja hata tone.

Mjukuu wangu wa kwanza. Nikafungua mdomo nimjibu anavyostahili, nikakumbuka chupa ya kunyunyizia maji ya pasi. Miaka minne ile chupa haikuwa na maji, na yeye ndiye aliyekuja kuigundua, siku alipopiga pasi gauni la mteja na karakana nzima ikanuka baa. Nikaufunga mdomo. Nimeweka vifungo mia na kumi.

Jumanne, 5 Machi

Vifungo.

Jumamosi, 9 Machi

Leo kikundi. Tumekaa saba kwenye viti vya plastiki. Nilimweleza Mwalimu mpango wangu: mwezi wa kwanza nitaweka vifungo bila kulalamika, mwezi wa pili nitakuwa nimerudishiwa meza ya kukatia, mwezi wa tatu ufunguo na mtoto. Nimeuandika kwenye karatasi, na mistari nimepiga kwa rula.

Akausoma wote, akaukunja. "Na binti yako ameuona?"

"Atauona ukishatimia."

Wakacheka wote. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mwalimu akasema, "Bibi, chupa umeiacha, lakini usukani bado umeushika kwa meno." Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza. Paa la karakana linavuja pale pale linapovuja kila mwaka.

Jumatatu, 18 Machi

Mungu wangu nipe subira. Binti yangu anaendesha karakana kama mtu anayecheza. Mafundi wanaongea huku wanashona. Redio inaimba. Kobe, mkataji wetu, ambaye jina hilo nilimpa mimi kwa mwendo wake, siku hizi anaulizwa maoni! "Wewe unaonaje, kaka?" Nimefanya naye kazi miaka ishirini na sijawahi kujua kama ana maoni.

Tuna kazi ya sare za shule, mashati arobaini meupe, kitambaa kizuri chenye mng'ao upande mmoja. Shule inafunguliwa tarehe mbili. Nilimwambia binti yangu kola nazo zikatwe sasa hivi, zisisubiri. Akaniangalia.

"Mama, vifungo."

Mbele ya watu wote! Nikarudi kwenye kigoda changu. Baadaye alikuja akakaa karibu yangu, miguu imemvimba imekuwa kama mikate, akaninong'oneza, "Natamani uwe bibi yake. Natamani sana. Lakini nikikumbuka, naogopa." Sikumuuliza anakumbuka nini. Najua yapo mengi, nami sikutaka kusikia hata moja.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Vifungo. Mkwe wangu, fundi umeme, kapanda darini kaziba tundu moja, kafungua mawili.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimepewa ufunguo!

Mvua ilianza alfajiri na haikutulia. Saa nane mchana binti yangu akanipigia simu. Hawezi kutoka, miguu haiingii kwenye viatu. "Mama, naomba unisaidie. Mume wangu anakuletea ufunguo. Weka ndoo chini ya matundu, mwaga zikijaa, ufunge. Basi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Niliweka ndoo tano. Na hapo ningeondoka.

Lakini juu ya meza ya kukatia nikakuta kitambaa cha mikono ya mashati kimeshatandazwa, tabaka themanini, cha juu kimechorwa kwa chaki tayari kwa Kobe kesho. Nikainua pembe nione. Ala! Tabaka moja uso wenye mng'ao juu, la pili uso chini, la tatu juu, la nne chini. Kitambaa chenye mng'ao! Mimi nimefundisha watu hapa miaka yote: uso juu, kila tabaka, mwanzo hadi mwisho. Nikasema mtoto wangu amechoka, hakuangalia. Nikafikiria kumpigia simu. Nikaona nitamsumbua bure, na tena nikaona, niseme ukweli, itakuwa tamu zaidi akija kujua baadaye nani kamwokoa.

Nimevigeuza kimoja kimoja. Saa mbili nzima, mgongo unauma mpaka sasa. Cha juu chenye chaki nikakirudisha kama kilivyokuwa. Nikamwaga ndoo, nikafunga mlango, ufunguo nikampa mkwe wangu alipoupitia.

Simwambii mtu. Acha waone wenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Nataka niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Kobe alikata saa mbili asubuhi. Saa tatu unusu fundi wa kwanza akachukua mkono wa kushoto, akashona. Akachukua wa kulia, akaugeuza, akaugeuza tena. Akachukua mwingine. Akasema, "Dada, hebu njoo." Binti yangu akaja, akapekua lile fungu lote, kwanza polepole, halafu haraka, halafu akaacha.

Mikono themanini, yote ya kushoto.

Kwa asiyejua kazi yetu nieleze. Ukitandaza uso juu kila tabaka, lazima uchore mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Ndivyo ninavyofanya mimi. Lakini ukitandaza nyuso zikitazamana, unachora mmoja tu, na mkasi unakupa jozi zenyewe. Ndivyo alivyofanya yeye. Ni njia nzuri, tena ya haraka. Alikuwa amechora mmoja. Mimi niliona nyuso tu. Chaki nilikuwa nayo mbele ya macho yangu saa mbili nzima, sikuisoma.

Binti yangu akamgeukia Kobe. Kobe akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Niliona vimegeuzwa. Nilijua ni mkono wa mama, yeye hukunja pembe ya mwisho."

"Na hukusema?"

"Miaka ishirini ametuambia mkataji hana mdomo."

Mtu akazima redio. Binti yangu akaja mpaka nilipokaa, akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa, akanusa mdomo wangu. Mbele ya mafundi wangu. Akanusa mara ya pili.

"Sijanywa," nikamwambia. "Jana sijanywa, na leo sijanywa. Nakuapia."

"Najua. Nasikia harufu ya chai tu." Akaniachia. "Afadhali ungekuwa umelewa, mama."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Ukilewa nilikuwa na kitu cha kulaumu. Nilikuwa najiambia, si yeye, ni ile chupa. Ikiondoka atarudi mama. Sasa chupa haipo na wewe ni yule yule. Nilikuambia ndoo. Nilikuambia 'basi'. Huwezi kuacha kitu cha mtu bila kukishika?"

Nikasema nilitaka kusaidia. Nikasema uso juu ndiyo sheria. Loo, nilisema kweli, hata wakati huo, nikasema ndiyo sheria!

Hapo ndipo akalia. Akasema, "Nilikuwa na miaka sita. Ulimwambia kila mtu hakuna atakayenichukua shuleni ila wewe, hata shangazi ulimkataza. Hukuja. Nikakaa getini mpaka mlinzi akanipeleka nyumbani kwake. Nikala kwake, nikalala kwake. Asubuhi ulipokuja uligombana naye, eti kwa nini amekuchukulia mtoto."

Mimi jambo hili nimelisimulia miaka mingi kama hadithi ya mlinzi mjeuri.

Kitambaa cha aina ile kimeisha dukani. Binti yangu amezunguka kutwa nzima kwenye mvua kutafuta kinachofanana, na miguu ile. Mimi nimepanda chumbani. Siku zote nilisema pombe ndiyo iliyoniharibia, na watu wakanihurumia, hata mimi nikajihurumia. Jana sikuonja kitu. Jana nilikuwa mzima, nina akili zangu timamu, na mikono themanini nimeiharibu mwenyewe.

Jumanne, 26 Machi

Sikushuka.

Ijumaa, 29 Machi

Wamepata kitambaa, weupe wake umepishana kidogo, shule imekubali kwa manung'uniko. Binti yangu alikata mwenyewe siku mbili amesimama. Leo alfajiri kichwa kikamuuma, macho yakaona giza. Hospitali wamesema shinikizo la damu limepanda, alale kitandani mpaka siku yake ifike.

Mkwe wangu alikuja kuniambia. Kijana mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti, na leo hakuipaza.

"Mama, naomba usije nyumbani kwanza. Wala hospitali siku ikifika. Tukikuhitaji tutakuita."

"Mimi ndiye mama yake."

"Ndiyo, mama. Tutakuita."

Jumamosi, 30 Machi

Kikundini nimeeleza habari ya mikono. Hakuna aliyecheka. Nikamuuliza Mwalimu, sasa nifanye nini?

"Wameshakuambia. Usiende."

"Hilo si la kufanya. Hilo ni kukaa."

"Basi kaa. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, bibi. Mimi mwenyewe naijaribu mwaka wa kumi na moja na bado naifeli."

Alhamisi, 4 Aprili

Karakana iko mikononi mwa Kobe. Ndiyo, Kobe. Ufunguo anao yeye. Leo ameniuliza kama mwanga unanitosha kwenye kigoda changu, au anisogeze dirishani. Nikamwambia anisogeze. Nilitaka kumwomba radhi, ikatoka, "Vifungo hivi vina kasoro." Akasema ataviangalia.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeandika orodha ya mambo ishirini na tatu ambayo mkwe wangu lazima ayajue kuhusu mwanamke mwenye shinikizo la damu. Nimemtumia. Hakujibu. Jioni nikajiona. Nikamtumia tena, "Samahani, usiisome." Akajibu, "Asante mama."

Jumatano, 10 Aprili

Mvua siku ya sita. Barabara imekuwa mto. Vifungo tisini.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemwambia Kobe: "Nilikukosea miaka ishirini." Akaendelea kunoa kisu cha mashine muda mrefu, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Ni kweli." Nikasubiri aongeze kitu. Hakuongeza. Nimekosa hata haki ya kuambiwa si kitu.

Jumanne, 16 Aprili

Bado. Simu naiweka mfukoni mwa aproni, naigusa kila nikimaliza shati.

Ijumaa, 19 Aprili

Jana sikuandika. Naandika leo, na ninaandika kama ilivyokuwa.

Jana saa tatu asubuhi mkwe wangu alipiga: uchungu umeanza, wako hospitali, nisije bado. Nikasema sawa. Nikaweka vifungo. Saa sita nikampigia, hakupokea. Saa saba tena. Nilikuwa nimeshavaa koti mara mbili na kulivua mara mbili, Kobe akiniona na kujifanya haoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nilisema kwa sauti, nani anizuie? Halafu nikakumbuka ndoo tano na neno "basi", nikalivua koti mara ya tatu. Namshukuru Mungu kwa hilo moja.

Saa tisa na robo akapiga. Mtoto wa kike, mzima. Lakini mama yake amepoteza damu nyingi, wanamwongezea, bado hajafumbua macho vizuri. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku amejishika ukutani. Nikamwambia nakuja. Akasema, "Hapana, mama. Tafadhali. Aliniambia kabla hajaingia. Alisema nisikuache uje, kwa sababu utaanza kuwaamrisha manesi."

Kwenye kizingiti cha kifo, mwanangu alikuwa na wasiwasi nitawaamrisha manesi.

Nikatoka. Sikwenda hospitali. Nilikwenda duka la kona, nikanunua chupa bapa, nikainywa nimesimama nyuma ya duka, chini ya mfereji wa paa, mchana kweupe. Haikuwa tamu. Nilitaka kusema haikuwa tamu ili ionekane nimeshinda kitu. Ilinipasha moto, na kwa nusu saa sikuogopa, na kwa ajili ya ile nusu saa nilinunua ya pili.

Leo asubuhi ujumbe: ameamka, amekunywa uji, damu imesimama. Nililia mpaka nikatapika. Hakuna anayejua nilichofanya. Hakuna aliyeniona ila mwenye duka, na yeye hanijui kwa jina.

Jumamosi, 20 Aprili

Kikundini sikwenda. Nimemwambia Mwalimu nina mafua.

Jumatano, 24 Aprili

Wamerudi nyumbani. Mkwe wangu amenitumia picha ya mtoto. Ana paji la uso la mama yake. Sijanywa tangu siku ile. Nani ataniamini, na kwa nini aniamini?

Jumamosi, 27 Aprili

Sikwenda tena. Mwalimu amepiga simu. "Mafua yamekuwaje?" Nikasema yanapungua. Akasema, "Nami nimewahi kuugua mafua ya aina hiyo. Kiti chako kipo." Nikakata simu.

Jumanne, 30 Aprili

Leo mvua ilikatika saa nne. Nilikuwa kwenye kigoda dirishani, nikaona gari la mkwe wangu limesimama. Binti yangu akashuka polepole, amekonda, midomo haina rangi, mtoto amemkumbatia ndani ya khanga. Mafundi wote wakainuka. Akawasalimia mmoja mmoja, kisha akamwomba Kobe awatoe nje dakika chache.

Tukabaki watatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Pole na hongera."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu. "Mume wangu ameniambia hukuja hospitali siku nzima. Kobe naye ameniambia, koti mara tatu." Akacheka kidogo, akashika tumbo, bado linamuuma. "Sikutegemea. Nilimwambia mume wangu, ataingia tu, hata akipigwa na mlinzi. Nilipofumbua macho nikakutafuta kwanza nione kama umegombana na mtu. Hukuwepo. Nikalala vizuri, mama. Sijalala hivyo tangu nikiwa mdogo."

Nikaweka sindano chini.

"Najua miezi mitatu haijaisha," akasema. "Lakini nimeona nisikufanye ungoje. Mshike mjukuu wako."

Akafungua khanga, akamnyoosha kwangu. Alikuwa amelala, ngumi zimefungwa, kinywa kinanyonya hewa. Alikuwa karibu hivi kwamba nilimsikia anavyopumua. Mikono yangu ilishainuka. Naapa ilikuwa imeshainuka yenyewe, na hakuna mtu duniani aliyejua, na hakuna ambaye angekuja kujua.

"Usinipe," nikasema. "Siku aliyozaliwa nilikunywa. Chupa mbili. Nyuma ya duka la kona."

Mikono yake ikabaki pale pale ilipokuwa, mtoto katikati yetu. Kisha taratibu akamrudisha kifuani. Akamfunika. Akamfunika vizuri, akipanga khanga kwenye shingo, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na tangu siku ile?"

"Sijagusa. Lakini huna namna ya kujua."

"Kwa nini umeniambia? Mimi nisingejua."

"Ndiyo. Usingejua."

Alianza kulia bila sauti, machozi tu yakimshuka, na mimi kila kiungo changu kilitaka kuinuka kumfuta, kumweleza, kumpangia la kufanya. Nikakaa. Nikakalia mikono yangu, kwa kweli, chini ya mapaja kama mtoto wa shule. Mtoto akaamka, akaanza kulalamika. Binti yangu akafungua gauni akamnyonyesha hapo hapo mbele yangu, uso ameugeuzia dirishani. Sikumwambia ashike kichwa vipi, ingawa alikuwa anakishika juu kidogo. Mtoto akanyonya akashiba.

Mkwe wangu alipopiga honi, binti yangu akainuka. Mlangoni akasimama, mgongo ameniachia.

"Jumamosi asubuhi nitampitisha tena," akasema. "Nitabisha mlango wa chumbani kwako. Kama umekunywa, niambie kabla sijaingia. Usinifungulie."

"Sawa, mwanangu."

"Na kama hujanywa, ufungue."

Nikasema sawa. Gari likaondoka. Kobe akawarudisha mafundi, mtu akawasha redio, nami nikampigia Mwalimu, nikamwambia sikuwa na mafua.